Mbebwa Hulegea

Mbebwa hujikaza, walisema wahenga. Ila wahenga hao hawakuwahi kuning'inizwa hewani na mashine, makalio yao yakiwa ndani ya kitambaa na miguu ikielea kama ya kuku anayepelekwa sokoni. Wangening'inizwa hata mara moja tu, wangeifuta methali yao na kutunga nyingine: mbebwa hulegea. Anayejikaza huyumba, anayeyumba hugonga magoti kwenye chuma, na Bi Mkasi akigongwa goti, maneno yanayomtoka hayafai kusikiwa na mtu ambaye hajaoa.

Alikuwa fundi cherehani, na jina la Bi Mkasi alipewa na wateja kwa sababu mbili: mkasi wa mkononi na mkasi wa mdomoni. Kiharusi kilipomvamia kilimchukulia mkono na mguu wa kushoto, mguu wa kulia kikauacha kama pambo, na mdomo kikaogopa kuugusa. Tangu siku hiyo aliyekuwa akimtoa kitandani ni bintiye, kitinda mimba wake, msusi wa nywele aliyefanyia kazi kibarazani. Msusi alimkumbatia mama yake kifua kwa kifua, akavuta pumzi, akamnyanyua. Mama alikuwa mnene na binti alikuwa mwembamba. Haukupita muda, mgongo ukamsaliti, Msusi akawa anasuka akiwa ameketi, na kuvaa viatu kukawa safari ya kuombewa dua.

Ndipo zahanati ikawaazima mashine. Ilikuwa na nguzo, mkono mrefu wa chuma, henga ya kutundikia mbeleko, yaani kitambaa cha kumbebea mgonjwa, na miguu miwili yenye magurudumu iliyoweza kupanuliwa. Bi Mkasi aliitazama kutoka juu hadi chini akaipa jina papo hapo: Twiga. Twiga alikuwa na shingo, alikuwa na madaha, na alipoinua mzigo aliguna kama mtu aliyetumwa dukani bila kupenda.

Muuguzi aliyekuja kuwafundisha alikuwa dada wa makamo ambaye hakuwa na haraka hata kidogo. Alimgeuza Bi Mkasi ubavu, akatandaza mbeleko nyuma yake, akamgeuza upande wa pili, akaivuta hadi ikakaa sawa chini ya mapaja. Akavipachika vitanzi kwenye henga, rangi kwa rangi, kulia na kushoto sawasawa.

"Mama, kunja mikono kifuani. Usishike chuma."

"Nisiposhika chuma nitashika nini? Imani?"

"Utashikwa, mama. Kazi yako ni kulegea."

"Kulegea! Kiharusi kimenilegeza upande mmoja, wewe mwanangu unataka kumalizia wa pili?"

Muuguzi alicheka, lakini mkono wake haukutoka kwenye henga. Breki za kitanda na za kiti zifungwe, alisema, ila za Twiga ziachwe wazi ajitafutie mwenyewe katikati ya mzigo. Mwinueni kidogo tu kwanza, kiasi cha kupitisha kiganja juu ya godoro, msimame, mtazame kila kitanzi, ndipo mwendelee. Na daima watu wawili. "Hata kama mmoja ana nguvu za tembo," alisema, "wawili."

Wa pili alipatikana nyumba ya jirani. Ni Mama Pacha, aliyelea watoto wawili kwa mpigo na hakuona ajabu kushika vitu viwili kwa wakati mmoja, hasa mgonjwa na umbea.

Bi Mkasi naye alijitafutia kazi. Hakutaka kuwa mzigo tu. Kila asubuhi, kabla ya kuinuliwa, aliletewa mbeleko kitandani akaipapasa kwa mkono wake mzima, mshono kwa mshono, kama fundi anayekagua kazi ya fundi asiyemwamini. Siku moja aliomba sindano aipambe kwa lesi kidogo, maana kitambaa chenyewe kilikuwa na rangi ya maji ya dekio. Muuguzi alimkatalia katakata: tundu moja la sindano ni mlango wa mpasuko. Bi Mkasi alinuna hadi jioni, kisha akakiri moyoni kwamba hata yeye angemwambia mteja vilevile.

Maana alijua anachopewa. Kabla ya Twiga aliujua ukuta wa chumba chake kuliko alivyowajua wakwe zake. Sasa alitoka kitandani hadi kiti cha magurudumu, na kitini hadi kibarazani, akakaa katikati ya vitana na mafuta ya nywele, akayapata mambo ya mtaa yangali moto. Wateja walikuja kusukwa wakabaki kuchekeshwa. Tena alikwenda haja kwenye kiti chake cha choo kwa wakati wake, kama mtu mwenye nyumba yake. Nepi alizokuwa akivalishwa zamani zilikuwa zimetupwa, na hakuna aliyezitaja tena.

*

Kifungua mimba wake hakuzijua habari hizo, kwa sababu hakuuliza. Ukoo mzima ulimwita Bwana Mipango. Alikuwa mkuu wa idara fulani katika ofisi fulani, na kila sentensi yake ilianza na "nimeshapanga". Alikuwa amefika mara moja tu tangu Twiga aingie nyumbani, akafungua mlango bila kubisha na kumkuta mama yake hewani, mikono kifuani, akimwelekeza Mama Pacha asigonge kabati.

"Mnamnyanyua mama yangu kama injini ya lori!" alipiga kelele. "Watu wakisikia watasema tumeshindwa kumbeba mzazi wetu."

"Watu wanasikia kwa sababu unapiga kelele," Bi Mkasi alimjibu kutoka juu.

Aliondoka na hasira, na hasira ikamzalia mpango. Aliwapigia simu watu wa zahanati kama mtoto mkubwa wa familia, akawaambia mashine haihitajiki tena, waje kuichukua Jumatatu. Mama atahamia kwake, chumba cha ghorofani, na vijana wawili wenye misuli watakuwa wakimbeba kwa mikono, kwa heshima. Jumapili angekuja kumchukua mwenyewe.

"Ghorofani kuna nani?" Bi Mkasi aliuliza kwenye simu.

"Kuna televisheni kubwa, mama."

"Nimeuliza nani."

"Mama, nimeshapanga."

Wiki hiyo Bi Mkasi aliongea kidogo, na wateja wakadhani anaumwa.

*

Jumapili kibaraza kilikuwa kimejaa. Bi Mkasi alikuwa bado kitandani akimngoja Mama Pacha, na dirisha la chumba chake lilitazama kibarazani, kwa hiyo gari aliliona, na mwanawe akishuka alimwona, na kifurushi alichobeba kwapani alikiona pia. Bwana Mipango hakusalimu kwanza. Alikitua mezani, katikati ya vitana, mbele ya wanawake wote.

"Nepi za mama," alitangaza. "Zile kubwa kabisa. Za safarini."

Kitana kikasimama kwenye nywele. Mteja mmoja akaanza kuzitazama kucha zake kana kwamba ameziokota njiani. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomkata Bi Mkasi, maana watu wale hawakuwa na mazoea ya kutocheka nyumbani kwake.

Bwana Mipango aliingia chumbani, Msusi nyuma yake.

"Amekula?" akamuuliza dada yake.

"Nimekula," alisema Bi Mkasi.

"Analala vizuri?"

"Analala. Na masikio anayo."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilidhani umenisahau nikiwa humu humu."

Bwana Mipango alivua koti, akalikunja vizuri, akapandisha mikono ya shati. "Leo hakuna mashine. Gari liko nje, nitambeba mwenyewe."

"Kaka, tafadhali," Msusi alisema. "Usimshike kwapani. Muuguzi amekataza, bega lake la kushoto litachomoka. Na mgongo wako je? Mimi wangu..."

"Wako umeumia kwa sababu hujui kubeba. Kazi yako ni ya kukaa unachezea nywele, utapata wapi mgongo?"

Msusi alikuwa na mikono iliyonukia mafuta, akaifuta kwenye aproni, akaifuta tena ingawa ilikuwa imeshakauka. Bi Mkasi aliona. Aliwahi kukata vitambaa vya watu kwa macho tu, bila futi. Asingekosa kuona mtoto wake akipunguzwa kimo mbele yake.

"Mwanangu," alimwambia kifungua mimba kwa upole, "mngoje Mama Pacha. Twiga yupo, mbeleko ipo. Ninyanyuliwe nikae kibarazani, tuongee kama watu."

"Mama, wewe ulinibeba mgongoni. Leo ni zamu yangu." Maneno yalikuwa matamu, ila aliyasema kwa sauti ya juu, akilielekea dirisha. "Jikaze tu kidogo. Mbebwa hujikaza."

"Mwanangu, nimekuonya?"

"Umenionya, mama."

"Haya," alisema Bi Mkasi, akakunja mkono wake kifuani. "Nibebe."

Akalegea. Alianza na shingo, akateremka mabegani, akauachia mgongo, kiuno na mapaja, hadi akawa kama jora la kitambaa lililoteleza mezani. Alilegea kama alivyofundishwa, na zaidi ya alivyofundishwa. Alimpa mwanawe uzito wote, na ule wa miaka yote aliyokuwa hajaja akamwongezea juu.

Bwana Mipango alikuwa amesimama miguu imenyooka, ameinama kama anayechungulia kisima, mikono chini ya makwapa ya mama yake. Akavuta. Godoro halikupungukiwa na kitu. Akavuta tena, safari hii akiguna, na Twiga kule pembeni akaonekana kama anamsikiliza. Kisha pakasikika mlio mdogo, mkavu, kama uzi unapokatika.

Mikono ilimwachia mama. Bi Mkasi alikuwa palepale alipokuwa tangu asubuhi. Mwanawe ndiye aliyekwenda chini, taratibu, akishika ukingo wa kitanda, akishika shuka, akishika hewa, hadi akalala sakafuni kati ya kitanda na kabati kama koti lililoponyoka msumarini.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Mgongo."

"Pole, mwanangu," alisema Bi Mkasi, na pole hiyo ilikuwa ya kweli.

Msusi alikimbilia kumshika mkono.

"Usimguse!" mama yake alifoka. "Mgongo unao mmoja tu, na hauko dukani. Mpigie muuguzi."

*

Muuguzi alifika na nguo zake za Jumapili, viatu vya kisigino mkononi. Alipiga magoti karibu na mgonjwa mpya. Amegonga kichwa? Hapana. Anahisi hapa? Anahisi. Achezeshe vidole vya miguu. Alichezesha, huku akitukana kwa kunong'ona.

"Ni msuli umekaza," alisema muuguzi. "Utapona. Kesho daktari akutazame. Kwa sasa huwezi kuinuka, kaka, na hapa hakuna atakayekunyanyua kwa mikono. Nimechoka kuuguza migongo."

Watu wote wakageuka kumtazama Twiga.

"Siingii humo," alisema Bwana Mipango.

"Hakuna anayelazimishwa," alisema muuguzi. Akamwekea mto chini ya magoti, akavuta kigoda, akapokea chai.

Muda ukaenda. Mteja aliyebaki kasukwa nusu kichwa alichungulia mlangoni. "Msusi wangu, mimi je? Nimekuwa watu wawili." Akamwona mkuu wa idara chali sakafuni. "Shikamoo, baba," alisema, akarudi kibarazani haraka sana, na huko nyuma zikasikika pumzi za watu wanaoumia kwa kuzuia kicheko.

Mama Pacha naye akawasili, amechelewa kama kawaida yake. Alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Ala! Leo zamu ya mtoto?"

"Mama Pacha, heshima," alisema Msusi, lakini midomo yake ilikuwa imeshaanza kumsaliti.

Sakafuni uso wa Bwana Mipango ulikuwa umebadilika. Ulikuwa na haja mpya.

"Nataka kwenda," alisema.

"Kwenda wapi, mwanangu?" Bi Mkasi aliuliza kwa upole wa mtoto mchanga.

"Mama. Unajua wapi."

"Ah! Basi usipate tabu. Si kuna zile kubwa kabisa pale mezani? Msusi, mletee kaka yako."

Bwana Mipango alifumba macho. Alipoyafumbua hayakuwa yale aliyoshuka nayo garini.

"Mleteni Twiga," alisema.

*

Muuguzi hakumleta upesi. Kwanza aliuliza uzito, kwa sababu kila mashine ina mwisho wake, na mbeleko ina kipimo chake.

"Themanini," alisema Bwana Mipango.

"Themanini ya mwaka gani?" alisema Bi Mkasi kutoka kitandani. "Mimi ndiye niliyekuwa nikikushonea suruali. Nilikuongezea kiuno mara ngapi, tena ukiniletea usiku majirani wasione? Sema ukweli, huu si usaili wa kazi."

"Mia moja na kumi," alisema mwanawe akiutazama uvungu wa kitanda.

"Hapo sawa," alisema muuguzi. "Twiga anakuweza. Na mbeleko ya mama itakutosha."

"Ingawa imeshonwa na mtu mvivu," alisema Bi Mkasi. "Nipeni kwanza." Akaipapasa kwa mkono wake mzima, ukingo hadi ukingo, kitanzi hadi kitanzi, bila kuruka hata kimoja kwa kuwa aliyekuwa anaingia ni mwanawe. Hapo hakuwa na mzaha. "Mwekeni."

Wakamgeuza ubavu, polepole, wakatandaza, wakamgeuza tena. Miguu ya Twiga ikapanuliwa. Mama Pacha alimshika kichwa, Msusi akapachika vitanzi akitaja rangi kwa sauti, muuguzi akashika kidude cha kubonyeza. Twiga akaguna. Mkuu wa idara akaachana na sakafu, na papo hapo akaikamata henga kwa mikono yote miwili. Mzigo mzima ukaanza kuyumba.

"Legea!" wakasema wanawake wanne kwa pamoja, na wa tano akaitikia kibarazani.

"Naanguka!"

"Huanguki," alisema Msusi. Mkono wake ulikuwa begani kwa kaka yake. "Nimekushika. Kunja mikono, kaka. Achia."

Akaachia. Kidole kimoja, kisha vingine, kisha akakunja mikono kifuani. Muuguzi alisimamisha mashine, wakatazama vitanzi kimoja kimoja, wakaendelea. Kuyumba kulikwisha. Bwana Mipango alikuwa hewani, magoti juu, kidevu kifuani, tai ikining'inia, na uso wake ukawa mtupu kabisa, kama wa mtoto aliyeacha kulia bila kukumbuka kilichomliza. Bi Mkasi aliujua uso ule. Alikuwa akiuhisi mgongoni kwake zamani, akishona, wakati mtoto anakaribia kulala na uzito wake unakuwa mtamu.

"Haiumi," alisema yule aliyening'inia, kama anayejisemea.

"Nani alikwambia inauma?" alisema mama yake.

*

Walimteremsha kwenye kiti cha choo cha Bi Mkasi, maana kingine hakikuwepo, wakavuta pazia, wakatoka. Bi Mkasi peke yake ndiye aliyebaki.

"Mimi siwezi kutoka, mwenzio," alisema. "Nitautazama ukuta. Tunajuana."

Kwa muda kibaraza kizima kilisikika: kitana, vicheko vya chini chini, Mama Pacha akisimulia kwa mara ya pili jambo lililotokea sasa hivi.

"Wanatusikia?" aliuliza mwanawe nyuma ya pazia.

"Wanasikia kila kitu. Hata kifurushi kilipotua mezani, na mimi nilisikia."

Pazia likatikisika.

"Sikujua umeziacha, mama."

"Hukuuliza."

Halafu ikasikika sauti ya vidole kwenye simu.

"Hujambo," alisema Bwana Mipango, kwa ile sauti yake ya ofisini, ikiwa imepungua upana. "Ni kuhusu ile mashine ya kesho. Msije kuichukua. Hapana, hapana, inatumika. Inatumika hata sasa hivi. Ndiyo... ndiyo, nimeshapanga."

Bi Mkasi alitabasamu na ukuta wake. Kibarazani kiti chake kilikuwa kikimngoja, na sasa hata kesho kitamngoja.

"Mama."

"Naam."

"Ulilegea makusudi."

"Makusudi kabisa."

"Ningeweza kuvunjika mgongo!"

"Wa dada yako ulikuwa unavunjika kila siku, na hukuja kuuokota. Nilikuonya, ukasema nimekuonya."

"Hata hivyo, mama, mimi ni mwanao. Niombe radhi basi, mara moja tu, yaishe. Hakuna atakayesikia."

Nje kitana kilisimama. Mama Pacha alikatisha hadithi yake katikati. Bi Mkasi aliugeuza uso wake kutoka ukutani, akalielekea dirisha, akapandisha sauti kama mwanawe alivyokuwa ameipandisha asubuhi ile.

"Pole nimekupa, mwanangu, na nitakupa nyingine ukitaka, na chai utaletewa, na Twiga atakupandisha kitandani ulale hapa ubavuni kwangu hadi upone. Lakini radhi sikuombi. Sikuombi leo, na kesho usiniulize."